Mtu Hai Kisimani

Katika nchi ya Uteuzini hakuna anayeruhusiwa kuieleza serikali shida yake kwa maneno yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza, na watoto wa huko huijua kabla hawajajua kufunga nguo. Mwenye shida huenda Daftarini, ndivyo wanavyoliita jumba lao la serikali, akasimama mbele ya ukuta wenye madirisha, akavuta kamba. Pazia la mianzi hushuka. Kila ufito wa pazia lile umeandikwa neno, na mwenye shida hugusa neno linalokaribiana na kilichomleta. Neno hilo ndilo linaloamua pazia la dirisha la pili liwe na maneno gani, na la pili ndilo linaloamua la tatu. Dirisha la kwanza wanaliita mama, la pili mwana, la tatu mjukuu. Ukishamgusa mjukuu, au dirisha la nne kwa shida chache zilizo nalo, mlango wa pembeni hufunguka na mtumishi akatoka na kile ulichostahili.

Nilifikaje huko si habari ya maana, na mimi sina subira ya kusimulia safari. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na sehemu kubwa ya ujana wangu imeishia kwenye menyu za namna hiyo hiyo: unagusa, inashuka, unachagua neno, na neno lile linazaa menyu nyingine. Huzitengenezea katika lile daftari la kompyuta ambalo msimbo wake hukaa visanduku visanduku, na kila kisanduku hungoja kuambiwa "fanya" ndipo kifanye. Basi nilipouona ukuta ule nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Mapazia yalisukwa vizuri, kamba hazikukwama, maandishi yalisomeka. Nikasema moyoni, hawa ni watu wangu.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Hamdani, Mkuu wa Mapazia, mtu mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingekukata kidole. Alinitembeza nyuma ya ukuta. Huko kuna ujia mrefu wenye vyumba, na katika kila chumba ameketi karani mmoja mbele ya ubao wa maagizo. Karani hafanyi lolote mpaka kengele ya chumba chake ilie. Ikilia, anasoma ubao wake, anachukua alichoandaa karani wa chumba kingine, anachanganya na cha kwake, anapata jawabu. Kisha anakaa nalo. Dunia na igeuke, ubao wa jirani na ufutwe, yeye atakaa na jawabu lile lile mpaka kengele imlilie tena.

"Na kengele zinapigwa kwa mpango gani?" nikauliza.

"Muulize Shekue," alisema Bwana Hamdani, akanionyesha mpiga kengele, mzee mnene aliyekuwa akila karanga.

"Napiga inayohitajika," alisema Shekue. "Leo cha saba, kesho cha pili. Wakitaka cha tano, napiga cha tano."

"Hamwanzi cha kwanza mkaenda mpaka cha mwisho?"

Waliangaliana. Bwana Hamdani akanishika mkono, akaniuliza kama nimeshaonja kahawa ya kwao.

Tulipokuwa tukinywa kahawa barazani niliwatazama watu wakiingia na kutoka. Alipita mwanamume aliyefungwa bendeji mguu mzima, kuanzia nyonga, akichechemea. Nikamwuliza ameumia nini. Akasema kidole, lakini pazia lina neno "mguu" tu. "Si kitu," akasema, "kidole kimo humo humo." Alikuwa ameridhika kabisa. Nikamwuliza Bwana Hamdani kwa nini wasiweke ufito mmoja wa "mengineyo", mtu asiyeona neno lake aguse hapo.

"Ulikuwepo," alisema. "Watu wote wakaugusa huo. Tukauondoa."

Hapo ndipo alipoingia Bi Mize. Sikulijua jina lake bado. Nilichoona ni mwanamke aliyejaa tope mpaka viwikoni, kanga moja imemtoka begani naye hana habari nayo. Alivuta kamba hata kabla pumzi haijamrudia. Akagusa "maji". Pazia la pili likashuka: mto, mfereji, kisima. Akagusa "kisima". La tatu likashuka: kimekauka, kina chumvi, kina vyura.

Alisimama kidogo, akarudisha mapazia yote juu, akaanza upya. Akagusa "watu", akagusa "ameanguka". Mjukuu akashuka: mnazini, darini, kutoka juu ya punda.

Basi akageuka, akasema kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, "Mume wangu yumo kisimani. Yu hai. Nataka kapi na kamba."

Nimesikia matusi katika nchi nyingi, lakini sijaona watu wakifadhaika hivyo. Mama mmoja alimziba mtoto masikio. Karani wa zamu akainamisha macho, akasema taratibu, "Dada, tafadhali. Gusa."

"Niguse nini? Nionyeshe, nami nitagusa!"

Bwana Hamdani alikwenda kwake mwenyewe, akamkalisha, akaagiza apewe maji. Kwa vipande vipande habari ikatoka. Mumewe aliitwa Kombo, wa kijiji cha Mleteni. Asubuhi alishuka kusafisha kisima cha kijiji, kamba ikakatika, na upande mmoja wa ukuta ukaporomoka na vidato vyote vya kupandia. Kamba zilizobaki kijijini hazifiki hata nusu. Kusogea ukingoni bila mbao ni kumwangushia udongo kichwani. Na kapi, kamba ndefu na mbao ni vitu vya serikali, vimefungiwa ghalani, wala havitoki ila kwa neno la dirisha la mwisho.

"Ana nguvu?" nikamwuliza.

"Anaongea. Huyo hata mumtie chupani ataongea," akasema, na machozi yakamtoka. "Lakini kuna chemchemi imefunguka. Nimemwacha maji yakiwa magotini."

Nitasema ukweli juu ya watu wa Uteuzini: hawakuwa wakatili. Bwana Hamdani aliitisha baraza pale pale, na wajumbe walikuja mbio, wengine na tonge mkononi. Swali lilikuwa moja tu: mtu hai aliye kisimani ni mwana wa dirisha gani?

Nilidhani kila mmoja angemsukumia mwenzake. Kumbe huko dirisha lenye wajukuu wengi ndilo lenye heshima, na msimamizi wake hukaa karibu na Mkuu siku za karamu. Kwa hiyo wasimamizi wote wawili, wa Maji na wa Watu, walimtaka.

"Mtu akianguka ardhini, ardhi inabaki ile ile," alisema Msimamizi wa Maji, kijana mwenye sauti nzuri. "Akianguka kisimani, kisima kimeharibika. Shida ni ya kisima. Tuongeze neno chini ya kisima: kimekauka, kina chumvi, kina vyura, kina mtu."

"Unamweka binadamu baada ya vyura?" akauliza Msimamizi wa Watu.

"Naweza kumtanguliza."

"Huwezi kumweka kabisa! Aliyeanguka ameanguka. Hatuulizi mnazi umepata hasara gani."

"Mnazi haujazi maji!"

Bi Mize alikuwa akisokota pindo la kanga yake, akilisokotoa, akilisokota tena. Akasema, "Jamani, maji yalikuwa magotini nilipoondoka. Sasa yatakuwa yamepanda."

"Mnasikia?" akadakia Msimamizi wa Maji. "Maji."

"Magoti ya nani?" akapaza sauti mwenzake. "Ya mtu!"

Nilishindwa kukaa. Nilitembea toka ukuta huu hadi ule, nikarudi, mpaka mjumbe mmoja akaniomba nisimtie kizunguzungu. Kila dakika nilikuwa nikifikiri maji yamefika wapi. Mjadala uliingia katika mifano, ukatoka, ukaingia katika suala la mtu aliyeanguka mtoni kutoka juu ya punda, jambo ambalo halijawahi kutokea, likawashughulisha sana. Mwishowe wakapiga kura, na upande wa Watu ukashinda. Mafundi wakaitwa. Wakachonga ufito mpya, wakauandika "kisimani" kwa rangi nyekundu, wakautia katika lile pazia lililo chini ya "ameanguka". Halafu tukangoja rangi ikauke.

"Mama, sasa gusa," alisema Bwana Hamdani kwa furaha ya kweli.

Bi Mize akagusa "watu". Akagusa "ameanguka". Akagusa "kisimani", na rangi ikambakia kidoleni. Sasa ilikuwa zamu ya dirisha la nne, la mwisho, lililokaa baada ya hayo yote na ambalo ndilo linalofungua mlango. Pazia likashuka. Likasema: mnazi mrefu, mnazi mfupi, mnazi wa jirani.

Mimi nilijua mara moja. Ni kosa ambalo limenikesheza usiku mwingi: umembadilisha mama, na mtoto hana habari. Karani wa pazia la mwisho alikuwa bado amekaa na jawabu la jana.

"Mpigieni kengele karani wa mwisho!" nikapiga kelele. "Apige hesabu upya!"

Shekue mpiga kengele alitikisa kichwa. "Mgeni, karani wa mwisho huchukua chake kwa karani wa sita. Wa sita aliitwa kabla ubao wa pili haujafutwa. Nikimwita wa mwisho peke yake, ataomba kitu ambacho hakipo tena. Atapigwa na bumbuwazi, na ukuta wote utakufa naye. Ilishatokea. Tulikaa mwezi mzima bila chumvi."

"Basi waite wote! Anza cha kwanza, nenda mpaka cha mwisho, kwa utaratibu. Ndiyo dawa yake!"

Bwana Hamdani akanivuta kando, na kwa mara ya kwanza niliona kanzu yake ina jasho.

"Hilo tunaliita Mwamsho," alisema. "Usilitaje mbele za watu. Wewe ni fundi, utanielewa. Nchi hii imesimama juu ya kengele zilizopigwa ovyo na watu waliokwisha kufa. Mpaka wa shamba la fulani ulitoka katika chumba ambacho ubao wake ulishabadilishwa. Ndoa ya fulani vile vile. Ukianza cha kwanza, kila kisicho na asili kinatoweka. Mimi mwenyewe niliteuliwa na chumba kilichokuwa pale penye ngazi. Kilibomolewa. Zikipigwa zote kwa utaratibu, Mkuu wa Mapazia si mimi. Huenda hata hakuna Mkuu wa Mapazia."

"Na Kombo?"

"Tunamtafutia njia," alisema, na aliumia kweli, nilimwona.

Nilimwambia Bi Mize aguse "mnazi mrefu", labda mtu wa mnazi mrefu hupewa kamba ndefu. Akagusa. Mlango ukafunguka, mtumishi akatoka na kopo la mafuta ya kuchua na bendeji mbili. Bi Mize aliyapokea, akayatazama, akayaweka sakafuni kwa adabu. Akainuka, akatoka bila kuaga. Nilidhani amekata tamaa, nikamfuata kwa kuwa miguu yangu haikutaka kubaki pale.

Hakuwa anaelekea kijijini. Alizunguka jumba mpaka uani, ambako kuna ukuta mwingine, mdogo, uliopakwa chokaa safi, wenye madirisha yake. Watu hawafiki huko ila siku moja moja. Alisema alifika mara moja tu, alipofiwa na mama mkwe wake. Akavuta kamba ya dirisha mama: marehemu mwanamume, marehemu mwanamke, marehemu mtoto. Akagusa. Dirisha la pili likashuka bila kukwama: alifia kitandani, njiani, vitani, mtoni, kisimani.

"Nilikumbuka kuliona," alisema kwa sauti ndogo.

Akaligusa. Mjukuu akashuka: kifupi, kirefu. Na chini, kwa herufi ndogo, kila kimoja kimeelezwa kinachotolewa. Kwa kisima kirefu: watu wa mazishi, kapi, kamba ndefu, mbao za ukingoni, sanda.

Bwana Hamdani alikuwa ametufikia, anahema. "Haya ya huku hayajawahi kukosea hata siku moja," alisema. "Makarani wake wanaitwa kila asubuhi, wote, kwa utaratibu."

"Kwa nini haya?" nikauliza.

"Marehemu hawabadiliki," alisema.

Mkono wa Bi Mize ulikuwa umefika mbele ya neno "kirefu" ukasimama. Katika nchi ile mkono ukigusa, limekwisha. Hakuna ufito wa kurudi. Aliyeguswa marehemu ni marehemu: hana shamba, hana mgao, hana mke, jina lake halishuki tena katika pazia lolote.

"Nikigusa hapa nimemuua," alisema. "Nisipogusa, maji yatamuua." Akanitazama. "Kaka, wewe ungegusa?"

"Gusa, dada," nikasema. "Twende."

Akagusa macho wazi. Mlango ukafunguka pale pale, mtumishi akatoka na kikosi cha watu waliovaa nyeupe, kapi kubwa begani, kamba kwenye mkokoteni, mbao. "Pole kwa msiba, dada," wakasema wote kwa pamoja. Kisha wakaanza kutembea polepole, kama inavyowapasa watu wa mazishi.

Njiani Bi Mize alinieleza desturi yao, akikimbia, kanga mkononi. Watu wa mazishi hawamgusi mtu kabla hawajamwita kwa jina mara tatu. Akiitika, hata kwa kuguna, wanafunga vifaa vyao na kurudi, na aliyewaita hupelekwa mahakamani kwa kumzulia mtu kifo. Asipoitika mara tatu, jina lake limeondoka duniani, na hapo humhudumia kwa heshima zote.

"Na Kombo ni mtu wa kuitika," alisema. "Ukimwita yupo shamba la pili anaitika. Usingizini anaitika."

Tulipofika Mleteni, nusu ya kijiji ilikuwa imelala kifudifudi kukizunguka kisima kwa mbali, wakinyoosha shingo. Sauti ya mwanamume ilikuwa ikitoka chini ikisimulia kisa cha shemeji yake na mbuzi, na waliolala kule juu walikuwa wakicheka huku wanafuta macho.

"Kombo!" akaita mkewe.

"Naam! Mize? Umeleta kapi? Waambie waharakishe, maji yamefika kifuani, na mimi sijawahi kuwa msafi namna hii tangu unioe."

"Nimekuoa mimi?"

"Nani mwingine alikuwa na haraka?"

Akalala chini, akasogea mpaka udongo ulipoanza kumomonyoka, akamweleza. Alieleza kwa ufupi, maana kule nyuma, mwanzo wa njia, nguo nyeupe zilikuwa zimeanza kuonekana. Alipomaliza, kisima kilikaa kimya, na sikuupenda ule ukimya hata kidogo.

"Unataka nife," ikasema sauti.

"Nataka unyamaze."

"Na nikishatoka nitakuwa nani?"

"Sijui, mume wangu. Panda kwanza."

Maji yalisikika yakigonga mawe.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wamefika kwenye mtama."

"Basi niite mara moja. Kwa ajili yangu tu. Niitike."

Bi Mize aliziba mdomo kwa mkono, akauondoa. "Kombo," akasema.

"Naam, mke wangu," ikasema sauti kutoka chini, na baada ya hapo hakusema neno.

Watu wa mazishi walifika, wakapanga mbao, wakasimika kapi. Walijua kazi yao, sijaona mafundi hodari kama wale katika nchi nzima. Mkubwa wao alivua kofia, akainama kisimani, akaita kwa sauti iliyonyooka, "Kombo wa Mleteni!"

Nilijishika mapaja. Wanakijiji walikuwa wameuma kanga na mikono yao.

"Kombo wa Mleteni!"

Hakuna kitu. Nikaanza kufikiri kwamba kuanzia kifuani mpaka mdomoni ni padogo sana, na kwamba pengine tumemnyamazisha mtu ambaye sasa alikuwa na haja ya kupiga kelele.

"Kombo wa Mleteni!"

Maji yaligonga mawe. Yule mkubwa akavaa kofia yake, akasema, "Hayupo. Mpandisheni."

Wakamshusha kijana mmoja na sanda, kapi likalia, na baada ya kitambo Kombo akatokeza juu, amefungwa kamba kwapani, amejaa tope, macho yamefumba, mdomo umekazwa kama mtoto anayekataa dawa. Walimlaza kwenye mkeka. Walimfunika. Wakampa Bi Mize mkono wa pole mmoja mmoja, wakakunja kamba, wakang'oa mbao, wakaenda zao polepole vile vile. Mpaka walipofika mwisho wa mtama ndipo Kombo alipofumbua jicho moja. Kijiji kizima kililipuka kwa kilio, kwa kuwa upepo ulikuwa unaelekea walikokwenda wale watu, na ndani ya kilio kile wengi walikuwa wanacheka.

Nilikaa kwao siku kadhaa, ingawa miguu iliniwasha kuondoka. Kombo alikula, akalala, akapona mikwaruzo. Lakini hakurudi kuwa yule wa kisimani. Watu wakipita walimwangalia wakamtikisia kichwa, hawakulitaja jina. Alipoanza kisa aliishia katikati. Mgao wake wa mbegu ulifutwa, Bi Mize akawa anakula wa mjane na kumgawia nusu. Alikuwa akikaa mlangoni siku nzima akifanya kazi za mikono, ameipa njia mgongo.

Siku moja alasiri tuliona ujumbe unakuja, Bwana Hamdani mbele, kanzu imenyooka, uso umejaa furaha. Baraza halikulala tangu siku ile, alisema. Walipiga kengele moja moja, kwa uangalifu mkubwa, wakiruka vyumba vya hatari, na sasa lile pazia la mwisho limekamilika: mtu hai kisima kifupi, mtu hai kisima kirefu. Halijawahi kuwepo pazia zuri kama hilo.

"Limebaki kujaribiwa tu," alisema. "Na sheria ni kwamba pazia jipya hujaribiwa na shida ile ile iliyolizaa. Kwa hiyo tumekuja kumwomba Bwana Kombo, kama hatajali, arudi chini. Kwa muda mfupi."

Nilisimama, nikayasema maneno ambayo sitayarudia hapa, na ambayo hayakuwa katika pazia lolote. Walinivumilia kama wanavyomvumilia mgeni.

Kombo alikuwa amekaa pale pale mlangoni, hatua chache kutoka kwetu, akimenya mihogo. Bwana Hamdani alimtazama usoni kabisa. Naapa alimtazama, na nadhani mtu yule mpole alitamani moyoni Kombo atende kile alichotenda. Akavua kofia.

"Kombo wa Mleteni," akaita.

Kisu kikaendelea. Ganda la muhogo likaanguka.

"Kombo wa Mleteni."

Akachukua muhogo mwingine, akaupangusa mchanga.

"Kombo wa Mleteni."

Akakata ncha, akaanza kumenya.

"Basi ni kweli," alisema Bwana Hamdani, akavaa kofia. "Pole tena, mama. Tutamtafuta mtu mwingine." Wajumbe wakanigeukia mimi kidogo, kisha wakafikiri vizuri, wakaondoka.

Walipopotelea nyuma ya mtama, Bi Mize alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, majirani wakatoka majumbani wakacheka naye, mmoja akaigiza jinsi Mkuu alivyovua kofia, na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi ile, sikuwa na haja ya kutembea. Halafu watu wakarudi kwenye shughuli zao. Bi Mize akajifuta macho kwa kanga, akachochea moto, akafunua chungu.

"Kombo," akasema bila kugeuka, "lete hiyo mihogo."

Kisu kilikuwa kikisikika.

Akageuka na mwiko mkononi. Kicheko kilikuwa bado usoni. "Kombo?"

Mgongo ule haukutikisika. Ganda likaanguka juu ya maganda mengine.

Mara ya tatu hakuthubutu. Alifunga mdomo, akaweka mwiko chini, akatoka jikoni, akaenda kumshika bega.